Manahodha wawili, chombo kimoja: Kwa nini Audioslave haikudumu

Juma hili niruhusuni nitoke kidogo nje ya mambo tuliyozoea kwenye safu hii. Siasa za kaunti zitangoja, na bandari nayo haihami. Nataka tuzungumzie bendi moja ya Marekani iliyoishi miaka sita tu, ikatoa albamu tatu, ikauza mamilioni ya nakala, ikapiga mbele ya makumi ya maelfu ya watu mjini Havana, kisha ikamalizika kwa tangazo fupi la mtu mmoja. Bendi yenyewe ni Audioslave.

Najua kuna atakayeuliza: sisi watu wa taarabu na chakacha, metali yatuhusu nini? Kwa asiyeujua, muziki wa metali ni ule wa magitaa yanayonguruma kama lori linalopanda mlima, ngoma zinazopigwa kwa nguvu zote, na mwimbaji anayepasua sauti. Metali mbadala ni tawi lake lililostawi miaka ya 1990. Tawi hilo lilichukua mngurumo ule likauchanganya na kufokafoka, na funki, na ile roki ya huzuni iliyotoka mji wa Seattle. Si muziki wa kuchezewa harusini, nakubali.

Lakini nina sababu mbili za kuwaletea habari hii. Ya kwanza ni kwamba mpiga gitaa wa bendi hiyo ana damu ya Kenya. Ya pili ndiyo kubwa zaidi: namna bendi hiyo ilivyokufa ndiyo namna vinavyokufa vikundi vyetu vingi hapa Pwani, viwe vya muziki, vya mpira, vya akina mama wanaochangishana au vya vijana walionunua boti kwa shirika. Wajuzi wakikutana, kazi inakwenda vizuri, pesa zinaingia, halafu siku moja wasikia kundi halipo. Ukiuliza sababu, kila mmoja ana yake.

Mwana wa Mkenya

Tom Morello alizaliwa Harlem, New York, tarehe 30 Mei 1964. Babake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya iliyokuwa imepata uhuru miezi michache tu nyuma, na miaka ya 1970 alikuwa balozi wetu London. Mamake, Mary Morello, ni mwalimu, Mmarekani mwenye asili ya Italia na Ayalandi, na wawili hao walijuana hukuhuku Kenya. Ndoa haikudumu. Baba alirudi nyumbani, na mama akamlea mwanawe peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, jimbo la Illinois. Kijana akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu masomo ya jamii mwaka 1986.

Ukisikia hadithi hii lazima umkumbuke Barack Obama: baba Mkenya aliyeondoka mapema, mama Mmarekani mweupe, kisha Harvard. Tofauti ni kwamba mmoja aliishia ndani ya Ikulu, na mwengine alichukua gitaa akasimama nje kuipigia kelele.

Na gitaa lenyewe halipigi kama wengine. Kwa swichi ya gitaa na pedali ya mguuni hulifanya lilie kama DJ anayekwaruza santuri, au kama king'ora. Mtu akisikiliza kwa mara ya kwanza hudhani kuna mashine nyingine imefichwa. Hakuna. Ni nyuzi sita na vidole.

Nyumba mbili za zamani

Ili kuielewa Audioslave, yafaa kujua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuja mikono mitupu. Wote wanne walitoka kwenye nyumba zilizokuwa zimejengeka.

Morello, pamoja na Tim Commerford wa gitaa la besi na Brad Wilk wa ngoma, walitoka Rage Against the Machine, bendi iliyoundwa Los Angeles mwaka 1991. Hiyo ilikuwa bendi ya maandamano. Mwimbaji wake, Zack de la Rocha, alikuwa akifoka dhidi ya dhuluma, vita na ubaguzi, na albamu zao za 1996 na 1999 zote zilishika nafasi ya kwanza Marekani. Oktoba 2000 de la Rocha akaondoka. Wakabaki watatu wenye chombo, tanga na upepo, lakini bila sauti.

Chris Cornell naye alitoka Soundgarden ya Seattle, iliyoanzishwa 1984. Alikuwa na sauti ya ajabu, inayoweza kunong'ona na mara ikapanda mpaka ukaogopa vioo vitapasuka. Albamu yao ya Superunknown ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye Soundgarden ikavunjika, na Cornell akatoa albamu yake peke yake mwaka 1999.

Aliyewaunganisha ni prodyuza Rick Rubin, ambaye aliwashauri wale watatu wajaribu kupiga na Cornell. Walipoanza mazoezi mwaka 2001, ndani ya siku 19 waliandika nyimbo 21. Wala si miujiza. Wale watatu walikuwa wamepiga pamoja karibu miaka kumi, wakijuana kama vidole vya mkono mmoja. Kilichokosekana ni mahadhi. Mwimbaji wao wa zamani alikuwa mfokaji, hivyo muziki ulilazimika kumwachia nafasi ya maneno mengi ya haraka. Cornell alikuwa mwimbaji hasa. Sasa waliweza kupunguza mwendo, kuacha wimbo upumue, hata kupiga nyimbo za mapenzi na za msiba. Na Cornell naye, aliyekuwa ametulia mno katika albamu yake ya peke yake, alipata nyuma yake mngurumo uliompa sababu ya kupandisha sauti tena.

Nyufa za kwanza zilikuwa za makaratasi

Hapa ndipo nataka vijana wetu watege sikio. Bendi hii ilikaribia kufa hata kabla ya kuzaliwa, na sababu haikuwa muziki.

Kila upande ulikuja na meneja wake, na kila upande ulikuwa na mkataba na kampuni yake ya kurekodi: wale watatu walikuwa wa Epic, Cornell alikuwa wa Interscope. Mameneja wakavutana. Machi 2002, bendi ikiwa imeshapangiwa kushiriki ziara kubwa ya Ozzfest, Cornell akajiondoa. Albamu ilikuwa karibu tayari na bendi haikuwepo tena.

Walirudiana baada ya majuma machache, na walirudiana kwa njia ya busara. Waliwafuta mameneja wa pande zote mbili, wakaajiri mmoja mpya kwa wote. Kampuni nazo zikakubaliana kupokezana: albamu ya kwanza itangulizwe na hii, ya pili na ile. Wahenga wetu walishasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawa walikaribia kuzama wakiwa bado hawajang'oa nanga.

Mikosi mingine ilifuata. Mei 2002 nyimbo ambazo hazijakamilika zilivuja kwenye intaneti, zikiwa na jina la Civilian, ambalo ndilo waliloanza nalo. Wakaliacha jina hilo wakachukua Audioslave, kumbe Liverpool, Uingereza, kulikuwa na bendi changa inayojiita hivyo hivyo. Wakayamaliza kwa malipo ya dola 30,000. Hata jina, basi, lilikuwa na mwenyewe.

Walivyopanda

Albamu ya kwanza, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitoka tarehe 19 Novemba 2002. Juma la kwanza iliuza nakala 162,000 na kuingia nafasi ya saba Marekani. Siku sita baada ya kutoka, walipiga onyesho lao la kwanza kwa kipindi cha David Letterman, wakiwa wamesimama juu ya mlango wa jumba la Ed Sullivan, barabara ya Broadway, New York, magari yakipita chini. Baadaye albamu hiyo ilipita nakala milioni tatu Marekani peke yake. Wimbo wa "Like a Stone", wa polepole na wa mtu anayesubiri mauti yake, ulipigwa redioni mpaka ukawafikia watu wasiojua hata maana ya metali, na bendi ikateuliwa kuwania tuzo za Grammy.

Wakati huo huo Cornell alikuwa na vita vyake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba miaka hiyo alikuwa amezama katika ulevi, na akaingia kituo cha kurekebisha tabia mnamo 2002. Alitoka na akasimama tena kazini. Nalitaja hili kwa sababu Pwani yetu inajua vizuri mtihani huo, na ni haki kumtaja mtu anapoushinda kama anavyotajwa anapoanguka.

Kilele kilikuja Mei 2005. Tarehe 6 mwezi huo, Audioslave ilipiga Havana, Cuba, kwenye uwanja wa La Tribuna Antiimperialista ulio kando ya bahari, ambako serikali ya Cuba hufanya mikutano ya kuilaani Marekani. Ilikuwa bendi ya kwanza ya roki kutoka Marekani kupiga onyesho la wazi katika nchi hiyo, na ruhusa ilibidi itolewe na serikali zote mbili zisizoelewana. Kiingilio kilikuwa bure. Walipiga nyimbo 26 usiku mmoja. Majuma matatu hayakupita, albamu ya pili, Out of Exile, ikatoka na kuingia moja kwa moja nafasi ya kwanza Marekani.

Lakini tazama jambo moja. Mwanzoni bendi hii haikupiga nyimbo za nyumba za zamani. Walitaka wajulikane kwa kazi yao wenyewe. Kufikia 2005 walikuwa wameanza kupiga za Rage na za Soundgarden jukwaani, na Havana walizipiga pia. Watu walishangilia sana, na mimi sioni ajabu. Ila ukizikaribisha nyimbo za kwenu kwa zamani, ujue na hamu ya kurudi kwenu inaingia kwa mlango huo huo.

Kilichokuwa kikila ndani

Kwa maoni yangu mambo matatu yaliimaliza Audioslave, na yote yalikuwemo tangu siku ya kwanza.

La kwanza ni makusudio. Morello ni mwanaharakati kabla ya kuwa mpiga gitaa. Mwaka 2002, pamoja na Serj Tankian wa bendi ya System of a Down, alianzisha shirika la Axis of Justice la kuwaunganisha wanamuziki na harakati za haki. Cornell alikuwa wazi kwamba yeye si mwimbaji wa siasa. Maneno ya nyimbo yalikuwa yake, na yalihusu roho, upweke, mapenzi na mauti. Wimbo kama "Wide Awake", ulioshutumu namna watu walivyotelekezwa baada ya kimbunga Katrina, ulikuja kwenye albamu ya tatu na ulikuwa wa kipekee. Si kwamba mmoja alikuwa na haki na mwengine makosa. Ni kwamba mmoja aliona bendi ni mimbari, na mwengine aliona ni mahali pa kuimba.

La pili ni hesabu ya watatu na mmoja. Wale watatu walikuwa ndugu wa siku nyingi. Cornell, hata akipendwa vipi, alikuja amekuta watu wameshakaa. Katika kundi la aina hiyo hakuna haja ya mtu kuonewa ili ajihisi mgeni. Yatosha watatu wakubaliane kwa kutazamana macho tu, na wa nne ajikute ndiye anayeelezwa. Baadaye Cornell alieleza kwamba baada ya albamu tatu aliona malengo yao hayaendi pamoja tena.

La tatu ni kwamba kila mtu alikuwa na pa kwenda. Albamu ya tatu, Revelations, ilitoka Septemba 2006 na kuingia nafasi ya pili, lakini hawakuifanyia ziara. Cornell alikuwa akitengeneza albamu yake na alikuwa ameimba wimbo wa filamu ya James Bond, Casino Royale. Morello naye alikuwa akipiga gitaa la kawaida na kuimba nyimbo za harakati kwa jina la The Nightwatchman. Albamu isiyosindikizwa na ziara ni kama harusi isiyo na bwana harusi: chakula kimepikwa, wageni wamefika, mwenye shughuli hayupo.

Januari 2007 ikatangazwa kwamba Rage Against the Machine itarudi jukwaani kwenye tamasha la Coachella, California, mwezi wa Aprili, pamoja na de la Rocha. Tarehe 15 Februari Cornell akatoa taarifa kwamba anaondoka moja kwa moja. Akataja tofauti za tabia zisizotatulika pamoja na tofauti za muziki, akawatakia wenzake heri. Basi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watatu walirudi kwao, na mwaka 2010 Soundgarden nayo ikafufuka, Cornell akarudi kwake.

Deni la suluhu

Kuvunjika kwenyewe sikulaumu sana. Albamu tatu ndani ya miaka minne ni kazi kubwa. Kuna bendi zimeishi miaka thelathini bila kuacha wimbo mmoja kama "Like a Stone". Shirika likifika mwisho, kuagana kwa heri ni bora kuliko kukaa mkiviziana. Kinachonisumbua ni kilichofuata.

Karibu miaka kumi ikapita bila wanne hao kusimama pamoja jukwaani. Ikafika tarehe 20 Januari 2017, siku Donald Trump aliyoapishwa. Morello, Commerford na Wilk, wakiwa na bendi yao mpya ya Prophets of Rage, walifanya onyesho la kupinga mjini Los Angeles. Cornell akatokea. Wakapiga nyimbo tatu za Audioslave, za kwanza tangu 2005. Ukumbi ukalipuka, na watu wakaanza kunong'ona kwamba bendi inarudi.

Hazikupita siku 120. Tarehe 18 Mei 2017, saa chache baada ya kuimba na Soundgarden mjini Detroit, Chris Cornell alifariki akiwa na umri wa miaka 52. Uchunguzi wa serikali ulisema alijitoa uhai. Januari 2019 wanamuziki wengi walikusanyika Los Angeles kumkumbuka, na wale watatu wakazipiga nyimbo za Audioslave huku waimbaji wengine wakishika nafasi yake. Nyimbo zilikuwa zile zile. Mwenye sauti hakuwepo.

Miaka kumi ya kungoja, kwa nyimbo tatu. Hiyo ndiyo hesabu inayoniuma mimi katika hadithi hii yote, zaidi ya mikataba na nafasi za kwanza.

Kwa wenye vikundi

Ningependa kila kundi la Pwani, kuanzia vijana wanaorekodi chumbani huko Kisauni hadi wazee wenye shirika la mashua, lijiulize maswali haya mapema, kukiwa bado kuna mapenzi. Nani anazungumza kwa niaba yetu, mtu mmoja au wawili? Jina la kundi ni mali ya nani mmoja wetu akiondoka? Kila mmoja anataka nini hasa: pesa, heshima, ujumbe, au raha ya kazi tu? Na yule aliyekuja wa mwisho, anasikilizwa au anaarifiwa? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kila mtu atie sahihi. Audioslave walikuwa na mawakili na kampuni kubwa, na bado maswali hayo yaliwakwamisha. Sisi tusio na mawakili ndio tuna haja zaidi ya kuyajibu.

Na kama kundi lenu limeshavunjika, kama kuna mtu mliyekuwa mkipiga naye, mkivua naye au mkifanya naye biashara, na sasa mwapishana barabarani kila mtu akitazama upande wake, mpigie simu. Si lazima mrudi kufanya kazi pamoja. Mwambie tu kwamba kazi ile mliyoifanya ilikuwa nzuri. Mpigie juma hili hili, usingoje tamasha.